Nani aliandika Biblia na nani aliikusanya? Haya ni maswali mawili, si moja

Mleta uzi

Wanajukwaa, mjadala juu ya asili ya Biblia huwa na pande mbili zinazojulikana kabla hata haujaanza. Upande wa kwanza husema kwamba Musa aliandika vitabu vyake vitano, Daudi akaandika Zaburi, mitume wakaandika Injili, na kwamba tulicho nacho leo kimetufikia kama kilivyotoka mikononi mwao. Upande wa pili husema kwamba Mfalme Konstantino aliwakusanya maaskofu Nikea mwaka 325, wakapiga kura, vitabu vilivyompendeza vikabaki na vingine vikatupwa motoni. Hoja yangu ni kwamba pande hizi zinazobishana kwa ukali zimesimama juu ya dhana moja, nayo ndiyo yenye kasoro: kila upande unaamini kwamba ni lazima awepo mtu fulani aliyeifanya kazi hii na siku fulani ilipokamilika. Ukizipitia hati zenyewe, mtu huyo humpati na siku hiyo huioni.

Nianze na Torati. Vitabu kuanzia Mwanzo hadi Kumbukumbu la Torati havisemi popote kwamba vyote vitano viliandikwa na Musa. Vinasema kwamba Musa aliandika mambo mahususi: maneno ya agano (Kutoka 24:4), vituo vya safari ya jangwani (Hesabu 33:2), na torati aliyowakabidhi makuhani (Kumbukumbu la Torati 31:9). Msimulizi mwenyewe humzungumzia Musa kama mtu mwingine, humsifu kuwa mpole kuliko watu wote duniani (Hesabu 12:3), na mwishoni hueleza kifo chake, kaburi lake lisilojulikana hata siku ya kuandikwa kwa habari hiyo, na kwamba hakuinuka tena nabii mfano wake katika Israeli. Maneno ya namna hii huandikwa na mtu anayetazama nyuma kutoka mbali. Mwanzo 36:31 huorodhesha wafalme waliotawala Edomu kabla mfalme yeyote hajatawala wana wa Israeli, na anayeandika hivyo anajua kwamba Israeli imekwisha kupata wafalme, jambo lililotokea vizazi vingi baada ya Musa. Mwanzo 14:14 humfikisha Abramu mpaka Dani, ilhali Waamuzi 18:29 hutueleza kwamba mji huo uliitwa Laishi hadi kabila la Dani lilipouteka.

Ni vyema ikumbukwe kwamba mambo haya hayakugunduliwa na maadui wa imani. Rabi Abrahamu Ibn Ezra aliyadokeza kwa tahadhari katika karne ya 12. Mwanafalsafa Spinoza aliyasema waziwazi mwaka 1670. Mwaka 1753 Jean Astruc, tabibu wa Kifaransa, alionyesha kwamba katika Mwanzo kuna masimulizi yanayomwita Mungu kwa jina moja na mengine kwa jina jingine, na kwamba yakitenganishwa kila fungu husomeka karibu kama habari inayojitegemea. Naye alifanya hivyo kwa nia ya kumtetea Musa, akisema kwamba Musa alikuwa na nyaraka za kale mezani pake. Habari ya gharika ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Katika Mwanzo 6:19 Nuhu anaagizwa kuingiza wanyama wawili wawili, na katika 7:2 anaagizwa kuingiza wanyama safi saba saba. Mahali pamoja mvua inanyesha siku 40, na mahali pengine maji yanatawala nchi siku 150. Aliyeziunganisha habari hizi hakuthubutu kufuta hata moja, na mimi ninaiona heshima yake kwa maandishi aliyoyarithi kuwa jambo la kuvutia kuliko hata tofauti zenyewe.

Mtaalamu wa Kijerumani Julius Wellhausen aliupanga uchunguzi huo mwaka 1878 katika nadharia ya vyanzo vinne, yaani kwamba Torati iliunganishwa kutoka maandishi manne ya awali. Tangu miaka ya 1970 nadharia hiyo imepingwa kwa namna nyingi, na leo wataalamu hawakubaliani juu ya idadi ya vyanzo wala tarehe zake. Wanachokubaliana wengi wao ni kwamba mkono haukuwa mmoja, na kwamba kazi ya kuunganisha ilifikia umbo lake la sasa baada ya Yerusalemu kuangushwa na Wababeli mwaka 587 au 586 KK, wakati watu waliopoteza hekalu na mfalme walipobaki na maandishi peke yake.

Mwana wa Lawi

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na kwa heshima, lakini sikubaliani nawe. Musa alilelewa katika nyumba ya Farao, hivyo kuandika hakukumshinda. Yesu mwenyewe aliitaja torati kuwa ya Musa. Mistari ya kifo chake ingeweza kuongezwa na Yoshua, nayo majina ya miji yangeweza kubadilishwa na wanakili ili wasomaji wa baadaye waelewe. Kwa nini nyongeza chache zitumike kumnyang'anya Musa kitabu kizima?

Mleta uzi

Ndugu yangu, jibu lako ni la kale na lina hadhi yake. Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, nayo inasema kwamba mistari minane ya mwisho ya Kumbukumbu la Torati iliandikwa na Yoshua. Lakini angalia umekwisha kukubali nini: kwamba mkono wa pili uliongeza, na kwamba wanakili waliweza kubadilisha maneno ili kitabu kieleweke. Tukifika hapo, tofauti kati yako na mimi ni ya kiasi tu. Kuhusu kuitwa "torati ya Musa", katika ulimwengu wa kale kitabu kilipewa jina la mtu ambaye mamlaka yake yalikuwa yamesimama nyuma ya mapokeo hayo. Mithali huitwa za Sulemani, na bado Mithali 25:1 inasema kwamba sehemu ile ilinakiliwa na watu wa Hezekia, mfalme aliyetawala zaidi ya miaka 200 baada ya Sulemani, sura ya 30 ni ya Aguri, na ya 31 ni ya mfalme Lemueli. Kitabu chenyewe hakikuona haya kuyasema hayo.

Ningeomba tutulie kidogo kwenye kitabu cha Yeremia, kwa sababu hapo tunaruhusiwa kuingia chumba cha mwandishi. Sura ya 36 inasimulia kwamba katika mwaka wa nne wa Yehoyakimu, nabii alimwita Baruku mwana wa Neria, akamsomea kwa kinywa chake, naye Baruku akaandika katika gombo. Kumbuka kwamba nabii huyu alikuwa amehubiri kwa zaidi ya miaka 20 bila kitabu. Gombo lilisomwa hekaluni, kisha mbele ya wakuu, kisha mbele ya mfalme aliyekuwa ameketi karibu na moto wakati wa baridi. Kila mara Yehudi, mtu aliyekuwa akimsomea mfalme, alipomaliza kurasa tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Yeremia akachukua gombo jingine, Baruku akaandika upya, na mstari wa mwisho wa sura hiyo unatamka bila kificho kwamba yaliongezwa humo maneno mengine mengi ya namna ile ile.

Basi, toleo la kwanza la Yeremia ni lipi? Lile lililoungua? La pili lenye nyongeza? Hata hilo la pili halikuwa la mwisho. Sura ya 51 inafunga kwa kusema kwamba maneno ya Yeremia yamekomea hapo, na bado sura ya 52 inafuata, ikifanana karibu neno kwa neno na mwisho wa Wafalme wa Pili. Zaidi ya hayo, Yeremia wa tafsiri ya Kiyunani iitwayo Septuaginta ni mfupi kuliko wa Kiebrania kwa zaidi ya asilimia 10, na sura zake zimepangwa tofauti. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba watafsiri walifupisha. Kisha katika mapango ya Qumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, vikapatikana vipande vya Kiebrania vyenye umbo hilo hilo fupi, pamoja na vingine vya umbo refu. Maana yake ni kwamba matoleo mawili ya nabii mmoja yalikuwa yakisomwa na Wayahudi kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kulichoma mojawapo.

Mpekuzi

Haya yote ya Agano la Kale ninayakubali. Tatizo langu ni Agano Jipya. Inajulikana kwamba zilikuwapo injili nyingi, na Nikea ikachagua nne. Injili ya Tomaso iliyofukuliwa Nag Hammadi huko Misri mwaka 1945 ni ushahidi kwamba vitabu vilifichwa. Ndugu mleta uzi, usituzungushe. Mfalme alitaka dini moja kwa ajili ya dola moja, akapata kitabu kimoja.

Mleta uzi

Ndugu Mpekuzi, nitakujibu kwa urefu kwa sababu dai hili limeenea mno.

Mtaguso wa Nikea, yaani kikao kile cha maaskofu, uliacha kanuni 20, tamko la imani, na barua. Ulishughulikia mafundisho ya Ario kuhusu Mwana na Baba, tarehe ya Pasaka, mgawanyiko wa kanisa la Misri, na nidhamu ya makasisi. Katika kanuni hizo 20 hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Kisa cha vitabu kuwekwa juu ya meza ya altare ili vya uongo vianguke vyenyewe kinatoka katika hati ya Kiyunani ya karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso, na mwandishi Mfaransa Voltaire ndiye aliyekisambaza kwa kejeli yake katika karne ya 18. Nikiri kwamba Yeronimo, mtafsiri wa Biblia kwa Kilatini, katika utangulizi wake wa kitabu cha Yudithi, anataja kwa kupita kwamba Nikea ilikihesabu kitabu hicho miongoni mwa Maandiko. Huenda kilinukuliwa katika mjadala. Lakini kauli moja ya pembeni haiwezi kuzaa kikao cha kupigia kura Biblia nzima.

Konstantino alifanya jambo moja la kweli kuhusu Biblia: mnamo mwaka 331 alimwagiza Askofu Eusebi wa Kaisaria amtengenezee nakala 50 kwa ajili ya makanisa ya Konstantinopoli. Eusebi anatusimulia agizo hilo, na hasemi kwamba mfalme alimpa orodha. Eusebi huyo huyo, katika historia yake ya Kanisa, anavigawa vitabu katika mafungu: vinavyokubaliwa na wote, vinavyobishaniwa, ambavyo ni Yakobo, Yuda, Petro wa Pili, Yohana wa Pili na wa Tatu, na visivyo halali. Kitabu cha Ufunuo anakiweka katika fungu la kwanza "ikionekana vyema" na pia katika fungu la mwisho "ikionekana vyema". Ikiwa kiongozi aliyekaa karibu na mfalme kiasi hicho alikuwa hajui Ufunuo uwekwe wapi, ni dhahiri kwamba hapakuwa na amri iliyofunga mjadala.

Turudi nyuma zaidi. Mnamo mwaka 144 mwalimu aitwaye Marsioni alitengwa na kanisa la Roma. Yeye alikuwa na mkusanyiko wake wa Injili moja, ya Luka iliyopunguzwa, na nyaraka kumi za Paulo. Mnamo mwaka 180, Askofu Ireneo wa Lyon aliandika kwamba Injili ni nne, si zaidi wala pungufu. Hiyo ni miaka 145 kabla ya Nikea. Hoja zake ni za ajabu kwa masikio yetu, kwani alisema ziwe nne kwa sababu pande za dunia ni nne na pepo kuu ni nne, lakini mtu hatafuti sababu za namna hiyo kwa jambo analolibuni. Anazitafuta kwa jambo analolikuta limekwisha kuwa desturi. Mwandishi Mkristo Tatiani, karibu na wakati huo huo, aliziunganisha Injili hizo nne kuwa simulizi moja, na makanisa ya Siria yaliisoma simulizi hiyo kwa vizazi vingi.

Orodha ya kwanza inayolingana kabisa na vitabu 27 vya Agano Jipya la leo imo katika barua ya Pasaka ya Atanasi, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Hiyo ilikuwa barua ya askofu kwa jimbo lake. Sinodi, yaani vikao vya maaskofu, za Hipo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 zilikubali idadi hiyo, nazo zilikuwa sinodi za Afrika ya Kaskazini, si za dunia nzima. Wakati huo huo Biblia ya Kisiria iitwayo Peshita ilikuwa na vitabu 22 tu vya Agano Jipya, bila Petro wa Pili, Yohana wa Pili na wa Tatu, Yuda na Ufunuo. Kodeksi (kitabu cha kale kilichoandikwa kwa mkono) ya Sinai, mojawapo ya nakala kubwa kabisa za karne ya 4, ina Waraka wa Barnaba na sehemu ya Mchungaji wa Herma baada ya Ufunuo. Kama mfalme alitaka kitabu kimoja, basi hakukipata.

Kuhusu Injili ya Tomaso, ni kweli iliachwa, na ni hasara ya kihistoria kwamba nakala zake zilipotea kwa muda mrefu. Ni semi 114 zinazonasibishwa na Yesu, bila simulizi la kifo wala ufufuo. Askofu Serapioni wa Antiokia, mnamo mwaka 200, aliruhusu kanisa moja lisome Injili ya Petro kabla hajaisoma mwenyewe, na baada ya kuisoma akaikataza. Hapo unaona hali ilivyokuwa: makanisa yanasoma kwanza, maaskofu wanapima baadaye, na orodha huja mwisho.

Msomaji Mkimya

Naomba kuongezea kuhusu Injili, kwa kuwa zimeguswa kwa upande wa idadi tu. Ndani ya maandishi yake, Mathayo, Marko na Luka hazitaji jina la aliyeandika. Vichwa vya "kwa kadiri ya Mathayo" na kadhalika viliwekwa baadaye, ingawa havitofautiani katika hati tulizo nazo. Ushahidi wa kale zaidi ni wa Askofu Papia, wa mwanzo wa karne ya 2, ambaye maneno yake yamehifadhiwa na Eusebi. Anasema kwamba Marko alikuwa mkalimani wa Petro na aliandika kwa usahihi, ila si kwa mpangilio, mambo aliyoyakumbuka. Luka mwenyewe katika mistari minne ya kwanza anakiri kwamba wengi walimtangulia kuandika, na kwamba yeye alichunguza na kupanga. Huyo ni mwandishi anayetueleza kwamba alikuwa na vyanzo.

Wataalamu wengi wanaona kwamba Marko iliandikwa karibu na mwaka 70, hekalu lilipobomolewa, na kwamba Mathayo na Luka waliitumia, kwa maana sehemu kubwa sana ya mistari yake inarudi katika Mathayo, mara nyingi kwa Kiyunani kile kile. Yapo pia maneno mengi ya Yesu ambayo Mathayo na Luka wanayo na Marko hana, ndiyo maana wengi hudhani kulikuwa na mkusanyiko mwingine uliopotea, ingawa wapo wanaosema kwamba Luka alimsoma Mathayo. Mimi ninauona mkusanyiko huo kuwa dhana nzuri isiyo na hata kipande kimoja cha papirasi mkononi.

Kwa Paulo tuko karibu zaidi na mwandishi. Nyaraka saba hazibishaniwi: Warumi, Wakorintho zote mbili, Wagalatia, Wafilipi, Wathesalonike wa Kwanza na Filemoni. Wathesalonike wa Kwanza huwekwa mnamo mwaka 50, hivyo ni ya zamani kuliko Injili zote. Hata hapo, mkono ulioshika kalamu haukuwa wa Paulo kila wakati: katika Warumi 16:22 karani Tertio anatoa salamu zake mwenyewe, na katika Wagalatia 6:11 Paulo anawaonyesha wasomaji herufi kubwa alizoziandika kwa mkono wake. Nyaraka kwa Timotheo na Tito zina msamiati na mazingira ya kanisa yanayowafanya wataalamu wengi wazihusishe na wanafunzi wa Paulo. Waebrania haina jina kabisa, na mwanateolojia Origeni alikwisha kusema katika karne ya 3 kwamba aliyeiandika anajulikana na Mungu. Askofu Dionisi wa Aleksandria, katika karne hiyo hiyo, alilinganisha Kiyunani cha Ufunuo na cha Injili ya Yohana, akahitimisha kwamba mwandishi si mmoja, na bado hakukitupa kitabu.

Mkatekista

Wapendwa, mmezungumza kana kwamba Biblia ni moja. Wakatoliki tuna vitabu 73, Waprotestanti wana 66. Martin Luther aliondoa saba. Sinodi ya Karthago ambayo mleta uzi ameitaja ilivikubali vitabu hivyo. Kwa nini jambo hili halisemwi?

Mleta uzi

Lisemwe, Mwalimu, na lisemwe kwa ukamilifu. Wayahudi wa Aleksandria walianza kutafsiri Torati kwa Kiyunani katika karne ya 3 KK, na mkusanyiko wa Kiyunani ukakua ukawa na vitabu kama Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo. Wakristo wa kwanza waliusoma huo. Marabi nao walibaki na vitabu 24, ambavyo ni vile vile 39 vya Waprotestanti vikihesabiwa kwa namna nyingine. Mtasikia ikisemwa kwamba marabi walipiga kura mjini Yamnia mnamo mwaka 90. Dhana hiyo ilijengwa na mwanahistoria Heinrich Graetz mwaka 1871, na wataalamu wengi wameiacha, kwa kuwa kinachosimuliwa kuhusu Yamnia ni ubishi juu ya Mhubiri na Wimbo Ulio Bora tu.

Mzozo ulianza ndani ya Kanisa lenyewe, zaidi ya miaka 1,100 kabla ya Luther. Yeronimo, aliyetafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania, alivitenga vitabu visivyokuwamo katika mkusanyiko wa Kiebrania. Augustino alivitetea, na Afrika ya Kaskazini ikamfuata Augustino. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba Luther aliviondoa. Katika Biblia yake ya mwaka 1534 aliviweka katikati ya maagano mawili, akisema kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini ni vizuri kuvisoma. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 ilikuwa navyo pia. Vilianza kupotea katika nakala nyingi hasa baada ya Chama cha Biblia cha Uingereza kuamua, mwaka 1826, kutogharimia uchapishaji wake. Upande wa pili, orodha ya Kikatoliki ilitajwa katika Mtaguso wa Florensi mwaka 1442 na kufungwa rasmi katika ule wa Trento tarehe 8 Aprili 1546, ambako kweli palikuwa na kura.

Kisha lipo Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, linalohesabu vitabu 81, Henoko na Yubilei vikiwamo. Waraka wa Yuda, mstari wa 14 na wa 15, unamnukuu Henoko kwa jina kama mtu aliyetabiri, na kitabu kizima cha Henoko kimehifadhiwa katika Kige'ez, lugha ya kale ya Ethiopia, peke yake. Anayewacheka Waethiopia kwa kukisoma ana wajibu wa kueleza kwa nini Yuda alikisoma.

Mpekuzi

Tuseme nimekubali kuhusu Nikea. Basi kama maandishi yaliongezwa, yakapangwa upya na kunakiliwa kwa mkono kwa karne nyingi, msomaji ataamini vipi kwamba anasoma kilichoandikwa?

Msomaji Mkimya

Ndugu Mpekuzi, ataamini kwa kupima mahali kwa mahali, kwa sababu hali haifanani kila mahali. Gombo kubwa la Isaya lililopatikana Qumrani mwaka 1947 lina sura zote 66 na lina umri wa karibu miaka 1,000 zaidi ya kodeksi kamili za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa. Kati yake na hizo kuna tofauti nyingi za tahajia na baadhi za maneno, lakini ni kitabu kile kile. Wakati huo huo, kunakiliwa vizuri hakuthibitishi mwandishi mmoja: Isaya aliishi karne ya 8 KK, na sura ya 44 na ya 45 zinamtaja Koreshi kwa jina, mfalme aliyeingia Babeli mwaka 539 KK. Anayeamini utabiri wa jina ataona muujiza. Wataalamu wengi huona nabii wa pili aliyeishi uhamishoni.

Kwa Agano Jipya zipo hati za Kiyunani zaidi ya 5,000, na wingi huo ndio unaofichua nyongeza. Marko 16:9-20 haimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikani. Habari ya mwanamke aliyeshikwa katika uzinzi, Yohana 7:53 hadi 8:11, haimo katika hati za kale zaidi. Maneno kuhusu Baba, Neno na Roho mbinguni katika Yohana wa Kwanza 5:7 yalikosekana katika hati za Kiyunani kiasi kwamba msomi Erasmus, katika toleo lake la Agano Jipya la Kiyunani, hakuyachapisha mwaka 1516 wala 1519, akayaingiza mwaka 1522 baada ya kushinikizwa. Biblia nyingi za leo huweka alama au maelezo mahali hapo, na wasomaji wengi hawayatazami.

Mwana wa Lawi

Nina swali la mwisho kwa mleta uzi. Katika Wakorintho wa Kwanza 5:9 Paulo anataja waraka aliokwisha kuwaandikia, nao hatunao. Ukipatikana kesho katika pango, ukathibitishwa kuwa wake, utaingia katika Biblia?

Mleta uzi

Swali hili ndilo linalotenganisha maswali yetu mawili. Kwa upande wa mwandishi, waraka huo ungekuwa na haki kuliko Petro wa Pili, ambao tangu kale ulitiliwa shaka. Wanahistoria wangeuchapisha pamoja na Wakorintho wa Kwanza na wa Pili bila kusita. Lakini kilichopima vitabu katika karne nne za kwanza hakikuwa jina la mwandishi peke yake. Kilikuwa pia kulingana na mafundisho yaliyopokewa, na kusomwa katika ibada na makanisa mengi kwa muda mrefu. Waebrania iliingia bila mwandishi anayejulikana kwa sababu ilisomwa. Nakala ya nyaraka za Paulo ya mnamo mwaka 200 inaiweka mara tu baada ya Warumi. Waraka uliokaa pangoni miaka 1,900 haukusomwa na mtu, hivyo ungekosa sifa hiyo moja ambayo hakuna mtaalamu wa hati anayeweza kuutunukia.

Na hata kama makanisa yangetaka kuupokea, ni kikao kipi kingeukubali kwa niaba ya wote? Trento iliwafunga Wakatoliki, Waprotestanti wana maungamo yao, Ethiopia ina 81 zake, na Waorthodoksi wa Kiyunani wanao Ufunuo katika Biblia yao lakini hawausomi katika ibada zao za kawaida. Nadhani ungeishia pale ulipo Waraka wa Barnaba leo: unachapishwa, unafundishwa vyuoni, unanukuliwa na wahubiri wachache, na hauhesabiwi.